Gia Zinapokataa Kuingia

Juma hili safu yetu inaingia gereji. Mama mmoja wa Kisauni, mjane mwenye watoto wanne, ametuandikia kuhusu gari aliloachiwa na marehemu mumewe: Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, yenye gia za mkono. Ndilo linalopeleka watoto skuli na madrasa, na ndilo linalosambaza mahamri na sambusa anazopikia watu kwa oda. Gia ya kwanza na rivasi zimekuwa ngumu. Zikiingia, huingia kwa mkwaruzo wa kugeuza vichwa vya wapita njia. Juzi, kwenye mpando wa kutokea feri ya Likoni, gia ilikataa kabisa, na nyuma yake kulikuwa na magari na watu wa miguu. Fundi amemwambia giaboksi imekwisha, inunuliwe nyingine. Anauliza: je, auze bangili zake?

Jawabu letu ni kwamba asiuze kitu kabla hajafanya majaribio matatu, nayo hayahitaji hata spana moja.

La kwanza: gari likiwa limezimwa, mahali palipo sawa, na breki ya mkono imevutwa, akanyage klachi na aingize gia zote moja baada ya moja, pamoja na rivasi. Kisha awashe injini, akanyage klachi mpaka chini, na ajaribu tena bila ya kuondoka. Gia zikiwa laini injini ikiwa imezimwa, na ngumu injini ikiwaka, basi shaka kubwa iko kwenye klachi, si kwenye giaboksi. Zikiwa ngumu hali zote mbili, shaka inahamia kwenye mkono wa gia, nyaya zake, au ndani ya giaboksi yenyewe.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Baina ya injini na giaboksi kuna sahani ya klachi, iliyobanwa katikati ya flaiwili na presha pleti. Mguu ukikanyaga, mbano huo huachia, injini ikaendelea kuzunguka peke yake na shafti ya giaboksi ikatulia. Hapo ndipo meno ya gia hukutana kwa amani. Klachi isipoachia sawasawa, au kama wasemavyo mafundi wetu, klachi isipokata, shafti huendelea kuzungushwa na injini. Gari likiwa limesimama, gia ya kwanza na rivasi ndizo zinazoteseka kuliko zote.

Jaribio la pili ni la rivasi. Injini ikiwaka na gari limesimama, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu polepole mpaka kumi, kisha utie rivasi. Katika magari mengi ya zamani rivasi haina kifaa cha kulainisha mwendo, kwa hivyo husema kweli bila ya kuficha. Ikikwaruza hata baada ya kungoja, klachi haikati.

La tatu: kanyaga klachi haraka haraka mara tano au sita, kisha utie gia. Ikiingia kwa urahisi, karibu tumeshampata mwizi. Klachi ya Corolla hii haivutwi kwa waya. Inasukumwa kwa fluidi, ile ile ya breki. Kuna silinda moja juu, nyuma ya kikanyagio, na nyingine ndogo chini, ubavuni mwa giaboksi. Raba za ndani zikichakaa, fluidi huvuja au hewa huingia, na kikanyagio hushuka bila ya kusukuma kitu. Kukanyaga mara nyingi ni kuongeza nguvu kidogo kidogo, ndiyo maana gia hukubali kwa muda.

Sasa afungue boneti na kutazama kikopo cha fluidi. Magari mengine yana kikopo kidogo cha klachi peke yake, mengine hutumia kimoja na breki. Kikiwa kimeshuka, fluidi imetoka mahali. Apapase kwa kitambaa cheupe juu ya kikanyagio, ndani ya gari, pale fimbo yake inapoingia ukutani. Pakiwa na majimaji, silinda ya juu inavuja. Kisha atazame silinda ya chini, chini ya kifuniko chake cha raba. Na asisahau jambo dogo linalowachekesha mafundi: mkeka wa sakafuni uliojikunja nyuma ya kikanyagio, ukazuia klachi kufika mwisho.

Kwa dalili alizozitaja, kama jaribio la tatu litakubali, dawa yake ni seti ya raba au silinda nzima, fluidi mpya, na kutoa hewa. Ni kazi ya saa chache, na giaboksi haiguswi. Baina ya gharama hii na giaboksi nzima pana bahari. Fluidi inunuliwe kwenye chupa iliyofungwa, ya daraja iliyoandikwa juu ya kifuniko cha kikopo, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Mwambao wetu unyevu haikosi. Chupa iliyokaa wazi kwa miezi haifai. Wala mtu asimtilie oili ya injini humo, kwani itavimbisha raba zote, na kama kikopo ni kimoja na breki, hilo ni hatari ya roho.

Tumalizane pia na wale ambao majaribio yatawaonyesha njia nyingine.

Ikiwa mkono wa gia unayumba kama mwiko ndani ya uji, hujui ya kwanza iko wapi na ya tatu iko wapi, mara nyingi ni bushi tu. Corolla 110 ina nyaya mbili zitokazo kwenye mkono wa gia mpaka giaboksi, na bushi za ncha zake hukauka kwa joto zikapasuka. Nyaya zenyewe pia hushika kutu, zikawa nzito. Gari kongwe zaidi, kama Corolla DX inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mkono wake umekaa juu ya giaboksi yenyewe, na kikalio chake cha plastiki kikilika, huyumba vivyo hivyo.

Ikiwa gia moja tu ndiyo inayokwaruza gari likiwa katika mwendo, hasa ya pili, hiyo ni sinkro: pete ya shaba inayosawazisha kasi kabla ya meno kukutana. Ya pili hutumika sana mjini, ndiyo maana huchoka mapema. Jaribu mtindo wa madereva wa malori ya zamani: kanyaga klachi utoe gia, achia, kanyaga tena ndipo uingize. Mkwaruzo ukipungua, pete imekwisha. Hapo giaboksi itafunguliwa kweli, lakini gari linaweza kuvumilia muda, ukibadilisha gia hiyo kwa upole.

Gia inayoruka yenyewe na kurudi nyutro haivumiliwi. Yaangaliwe kwanza mauntini ya injini, kwani ikikatika injini hucheza na kuvuta nyaya. Kama ni nzima, tatizo liko ndani.

Kabla ya yote hayo, oili ya giaboksi ipimwe. Wengi hubadilisha oili ya injini kila mara na hii hawaikumbuki hata siku moja. Gari likiwa sawa, fundi hufungua nati ya ubavuni. Oili inatakiwa ifike ukingoni mwa tundu. Ikimwagwa, mwambie akuonyeshe. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida, na vumbi linalong'aa kama dhahabu ni shaba ya sinkro. Aina ya oili ifuate kitabu cha gari, kwani baadhi ya oili zilizotengenezwa kwa difu hazipatani na pete za shaba.

Kwa upande wa gereji: dada, usiende kusema "gia mbovu". Sema ulichokiona: "Ikizimwa zinaingia, ikiwaka hazingii, na nikikanyaga mara nyingi zinaingia." Fundi mwaminifu, nao wako wengi, atafurahi kwa kupunguziwa kazi. Mwingine atajua kwamba mwenye gari ana macho. Dini yetu imekataza ghushi katika kuuza na katika kazi, na kuomba uonyeshwe kifaa kibovu kilichotolewa si kumdhania mtu vibaya. Na ikibidi giaboksi ishushwe kwa sababu ya klachi, basi sahani, presha pleti na beringi vibadilishwe pamoja. Kushusha mara mbili ni kulipa mara mbili.

Mpaka litengenezwe, gari hilo lisipande feri. Klachi isiyokata inaweza kulisukuma gari mbele ilhali mguu umekanyaga, na pale mbele yako ni watu.

Swali la mama wa Mtwapa kuhusu betri inayoisha usiku tumelipokea. Tutalijibu Ijumaa ijayo, inshaallah.