Adui wa nyasi za Kinakomba si baridi

Kipupwe kikiingia, viwanja vya shule na vya ofisi huku Kinakomba hunyolewa. Mafyekeo hutembea mpaka udongo uonekane. Hoja inayotolewa ni kwamba Julai ni mwezi wa baridi, nyasi zimelala, basi ukizikata chini kabisa umepumzika hadi vuli.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila kwingineko. Uingereza nyasi huacha kukua udongo ukishuka chini ya nyuzi 5 au 6. Hata Kinangop sakitu huziunguza. Nyasi zetu za uwanjani ni ukoka, mmea wa jua, na ukoka haulali mpaka joto lipungue chini ya nyuzi 15 hivi. Ni usiku gani wa Julai hapa Tana uliofikia hapo? Sisi tukijifunika shuka moja tunaona tumeganda.

Kinachoudumaza ukoka ni kiu. Masika yamekwisha Mei, vuli ni Oktoba, na katikati kuna upepo wa kusi unaokausha kila kitu. Jani ndilo linalopika chakula cha mzizi. Ukilifyeka lote, mmea hula akiba yake na mizizi hufupika, tena katika miezi ile ile ambayo ingepaswa kuyafuata maji chini. Ndiyo maana watunza bustani hawaondoi zaidi ya theluthi ya urefu kwa mkupuo mmoja.

Mtu atanitajia viwanja vya gofu, ambako ukoka hukatwa hadi milimita chache na bado unapendeza. Sawa, lakini ule hunyweshwa na kutiwa mbolea. Nani huku atamwagilia uwanja wa shule ilhali mifugo inasubiri maji?

Hofu ya nyoka naiheshimu. Lakini nyoka hahitaji uwanja mzima ili ajifiche: fyeka kando ya kuta, njia na vyoo, kwingine acha kimo cha vidole vinne. Hapo utamwona. Uwanja mtupu nao una madhara yake, kwani kusi hupeperusha vumbi hadi madarasani, kisha mvua za kwanza za vuli hupiga ule udongo wa mfinyanzi ukashikana, maji yakatiririka badala ya kuzama.

Na nyasi zilizokatwa, kwa nini huchomwa? Agosti, jirani mwenye ndama angezichukua zote kwa shukrani, na pengine angekuja kufyeka mwenyewe.