Acheni Kuwasingizia Viungo Wetu

Kaa kijiwe chochote cha bodaboda hapa Ipagala, Dodoma, taja jina la mchezaji aliyerudi kutoka nje, halafu sikiliza. Hukumu ilishatolewa zamani: Mtanzania hatoboi kwa sababu anapenda kwao. Baridi ikimgusa analia, akikosa ugali wiki mbili anaulizia tiketi. Siku akionekana anasaini klabu ya nyumbani, kesi imefungwa, amefeli. Wasemaji hawa wana uhakika kuliko makocha. Wanachosema ni uongo, na uongo wenyewe una watu unaowafaa.

Tuanze na Himid Mao Mkami. Alikuwa kwenye kikosi cha Azam kilichotwaa ubingwa wa Ligi Kuu msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo hata mmoja, na baadaye akavaa kitambaa cha unahodha. Mwaka 2018 akaenda Petrojet ya Misri. Msimu wake wa kwanza haujaisha vizuri, klabu ikashuka daraja. Hapo ndipo mpenda kwao angepanda ndege. Himid akahamia ENPPI, akaendelea kula chumvi ya Misri katika klabu nyingine, ikiwamo Ghazl El Mahalla, mpaka Azam walipomrudisha mwaka 2025. Ni miaka saba kwenye nchi ya Al Ahly na Zamalek, tena akicheza kiungo mkabaji, nafasi ambayo mtangazaji hakutaji mpaka ukosee. Huyo ndiye asiye na uvumilivu?

Au tumchukue Novatus Dismas Miroshi, kiungo ambaye ukimpanga beki ya kushoto anacheza pia. Alitoka Azam akiwa kijana mbichi, akaenda Israel, akapita Zulte Waregem ya Ubelgiji. Mwaka 2023 akakubali kwenda Shakhtar Donetsk ya Ukraine, nchi iliyokuwa vitani, kwenye klabu ambayo haijacheza nyumbani kwake Donetsk tangu 2014. Mechi za nyumbani za Ligi ya Mabingwa msimu ule waliziandaa Hamburg, Ujerumani. Baada ya hapo akaenda Göztepe ya Uturuki. Anayemwita kijana wa namna hiyo mtoto wa mama aseme yeye mwenyewe amewahi kuvumilia nini.

Wala hili si jambo la kizazi hiki tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, alikuwa Heracles ya Uholanzi. Hakukuwa na simu ya kumwonyesha mama sura yake kila jioni.

Najua nitakachojibiwa: hao ni wa kuhesabu kwa vidole, wengi huenda kwenye majaribio na kurudi. Kweli, wengi hurudi. Lakini nani amewauliza kilichowarudisha? Majirani zetu wa Kenya wana jibu moja zuri. Januari 2010 kiungo McDonald Mariga alikuwa akielekea Manchester City. Uhamisho ukakwama kwenye kibali cha kazi. Wakati ule Uingereza ilitaka mchezaji atoke taifa lililo ndani ya nafasi 70 za juu za viwango vya FIFA, na Kenya haikuwamo. Mariga akaenda Inter Milan, na mwezi Mei mwaka huohuo klabu ikatwaa Ligi ya Mabingwa. Mguu ni uleule, mtu ni yuleyule. Kilichomfungia mlango wa Uingereza ni kiwango cha timu ya taifa, na kiwango hicho hakijengwi na kiungo mmoja. Kinajengwa na shirikisho, ligi za vijana na makocha waliosoma. Mdogo wake, Victor Wanyama, alikuja kucheza Celtic, Southampton na Tottenham. Katika familia hiyo ugonjwa wa kupenda kwao sijauona.

Sasa angalia undumilakuwili wetu. Mwaka 2021 Yanga walimsajili Khalid Aucho, kiungo wa Uganda aliyekuwa akicheza Misri. Tulisema nini? Tulisema chuma kimeingia, Wananchi wamefanya usajili wa maana. Mwaka huohuo Clatous Chama aliondoka Simba kwenda RS Berkane ya Morocco, na Januari 2022 alikuwa amesharudi Msimbazi. Mzambia huyo alikaa Morocco miezi michache tu, lakini hakuna aliyemwita mvivu, alipokelewa kama mfalme. Mganda akitoka Misri kuja Dar es Salaam amepanda. Mtanzania akitoka Misri hiyohiyo kuja Dar es Salaam hiyohiyo ameshuka. Kipimo gani hiki kinachosoma pasipoti badala ya mpira?

Na kwa nini asirudi? Mwaka 2021 haki za matangazo ya Ligi Kuu ziliuzwa kwa Azam Media kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Viungo kutoka Burkina Faso na Ivory Coast wanaifuata ligi hii kwa sababu inalipa. Mchezaji wa kulipwa, kama jina lake linavyosema, huenda anakolipwa.

Nilisema uongo huu una watu unaowafaa. Nenda jioni kwenye viwanja vya vumbi vya huku kwetu. Milingoti ya goli ni miti, upepo wa Dodoma unapuliza mchanga machoni, mtoto amevaa kiatu cha kulia na mwenzake amevaa cha kushoto, na kabla ya mpira kuanza kwanza wanaokota mbigili. Kocha, ambaye halipwi, ana daftari. Lifungue uone: Chama Mdogo, Fei, Dogo Aucho. Majina ya utani matupu. Tarehe ya kuzaliwa hakuna, namba ya usajili hakuna, na timu yenyewe haijasajiliwa popote.

Daftari hilo lina gharama. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Klabu iliyomlea tangu miaka 12 hadi 15 inapata asilimia moja nzima. Kwa ada ya yuro milioni moja, hizo ni yuro 10,000, zaidi ya shilingi milioni 25. Tangu mwishoni mwa 2022 malipo hayo yanapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, na ofisi hiyo inasoma kumbukumbu za usajili. Haimjui Dogo Aucho.

Nani alipaswa kuhakikisha mtoto wa Ipagala anasajiliwa, anacheza ligi ya umri wake kila wiki, na akifika miaka 18, umri ambao FIFA inaruhusu uhamisho wa kimataifa, ana karatasi zilizonyooka? Si mtoto. Lakini tukishakubaliana kwamba Watanzania ni wavivu na wanapenda kwao, hakuna kiongozi wa mpira atakayeulizwa swali. Kosa linabaki kwenye damu ya mchezaji, na wenye ofisi wanalala usingizi.

Uwanja mkubwa unajengwa Nzuguni, jirani yetu kabisa. Ni jambo jema, lakini zege halizalishi namba sita. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mtafutie mwanao cheti cha kuzaliwa sasa, usisubiri wakala aje kukiulizia. Kocha wa mtaani, sajili timu yako na uandike majina kamili. Viongozi wa soka wa mkoa, wafuateni makocha hawa viwanjani na fomu mkononi. Na wewe wa kijiweni, safari ijayo kiungo wetu akirudi kutoka Misri, mpokee kama ulivyompokea Aucho.