Askari na Daftari la Wanyama

Mwezi Agosti 1902, afisa wa jeshi la Wajerumani, Kapteni Robert von Beringe, aliondoka katika kituo cha kijeshi cha Usumbura, mji ambao leo twauita Bujumbura, kwenda kumzuru Mwami Musinga wa Rwanda. Kutoka huko aliendelea hadi kwenye milima ya volkeno. Tarehe 17 Oktoba, katika mlima Sabinyo, msafara wake uliwapiga risasi wanyama wakubwa weusi wafananao na sokwe, na mmoja wao akatolewa bondeni kwa taabu kubwa. Njiani fisi aliiba mkono na sehemu ya ngozi. Mabaki yalifika Berlin, na mwaka 1903 mtaalamu Paul Matschie akamwandika mnyama huyo kuwa aina mpya, gorila wa milimani, akampa jina la afisa yule.

Hatulikumbuki jambo hili kwa nia ya kumsifu mkoloni. Wenyeji wa milima ile walimjua gorila tangu zama za mababu zao. Twalikumbuka kwa sababu laonyesha kwamba askari akiwa kazini huona mambo ambayo mtaalamu aliye mbali hayaoni.

Katika miaka hiyo hiyo, Sir Harry Johnston, mkuu wa serikali ya Kiingereza nchini Uganda, alipata katika kituo cha Mbeni, huko Kongo, mikanda ya risasi ambayo askari Waafrika walikuwa wameitengeneza kwa ngozi yenye mistari. Wataalamu wa London wakadhani ni punda milia wa aina mpya. Mwaka 1901, Karl Eriksson, afisa wa kituo kile, alipotoa ngozi nzima na mafuvu mawili, ilidhihirika kuwa mnyama huyo, okapi, ni jamaa wa twiga. Askari wale waliuvaa ushahidi mwilini mwao, na hakuna aliyejali kuandika majina yao.

Kazi ya kuwaorodhesha wanyama wanyonyeshao wa dunia haijamalizika. Daftari lililotolewa mwaka 2005 lilikuwa na aina 5,416. La mwaka 2018 likafikisha 6,495. Wengi wao si wanyama wakubwa, bali ni panya, popo na jamaa zao. Lakini hata nyani wakubwa hawajakwisha kugunduliwa: kipunji wa Rungwe, Tanzania, alitangazwa kwa wataalamu mwaka 2005, ingawa wawindaji wa huko walikuwa wamekwisha kumtaja kwa jina lake.

Kazi hii haina tofauti kubwa na ya polisi. Kwa kawaida kila aina huwa na kielelezo chake kinachohifadhiwa katika jumba la makumbusho, na pamoja nacho huandikwa mahali kilipopatikana, tarehe, na jina la aliyekipata. Kielelezo kisicho na maandishi hayo hakimsaidii mtaalamu, kama vile kisivyomsaidia hakimu.

Nchi yetu yajua hasara ya daftari lisilo kweli. Mwaka 1986 akiba ya pembe za ndovu iliyoandikishwa Burundi ilizidi tani 80, hali ndovu wetu wenyewe walikuwa karibu kutoweka kabisa. Pembe hizo zilikuwa za ndovu waliouawa katika nchi za jirani, zikavushwa mipaka na kupewa hati. Laiti idadi ya wanyama walio hai ingalilinganishwa na idadi ya pembe, udanganyifu ule ungalionekana mara moja. Burundi ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini mwaka 1988, nao wizi ulikuwa umekwisha kutendeka.

Basi twawageukia ninyi, ndugu zetu askari. Ninyi ndio mnaokesha mipakani, mnaopita Kibira waliko sokwe mtu, mnaovuka Ruvubu, na kuwaona viboko wa Rusizi usiku mji ukiwa umelala. Twawaomba mambo matatu. Kwanza, bunduki ya taifa isiwe chombo cha kitoweo. Pili, mkikamata kakakuona, ngozi au pembe, andikeni mlichokamata, wapi na lini, na yule aliyekileta, kisha mkabidhi kitu hicho pamoja na maandishi yake. Tatu, mkimwona mnyama msiyemjua, msimwue ili mpate kumjua. Waarifuni wahusika wa kulinda mazingira.

Mwaka 1902 mnyama aliuawa ndipo akapata jina. Leo picha na taarifa sahihi ya doria zaweza kumwongoza mtaalamu hadi mahali alipo. Na safari hii twataka jina la askari aliyemwona liandikwe pia.