Sato wa bei chee

Juzi mchizi mmoja wa mtaani kwetu hapa Mwanza kaniletea sato wa bei chee. Eti hakutumia nyavu wala ndoana! Nikashtuka. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uligomea samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, maana kuna wavuvi waliomwaga dawa za mashambani ziwani. Dawa kama endosulfani hushambulia neva: samaki anapaparika, anapinduka tumbo juu. Na vifaranga je? Navyo kwisha, pamoja na wadudu vinaowala. Sasa kesho utavua nini, bwana? Nikamrudishia sato wake. Mama akapika maharage, huku analalamika. Mchizi kaninunia mpaka leo.