Moshi wa salfa unanaswa, tusikubali kudanganywa

Nani kati yetu hajui harufu ya salfa? Waliopita Rusayo na Sake wanaijua: upepo ukileta moshi wa Nyiragongo, koo linawasha na maji ya mvua yanakuwa makali. Lakini volkano haina mkubwa wa kumuuliza. Kiwanda kina mwenyewe.

Tuangalie viwanda vya kusafisha petroli. Humo kuna mtambo unaovunja mafuta mazito ili yawe esensi, kwa kuyachanganya na unga wa moto sana. Unga huo unashikwa na masizi, kwa hiyo unachomwa ili utumike tena. Salfa iliyo ndani ya masizi ndiyo inatoka na moshi.

Dawa yake ipo, tena si moja. Salfa inaweza kuondolewa mapema katika mafuta kwa hidrojeni. Inawezekana kuongeza unga mwingine unaonasa gesi ile humo humo mtamboni. Ao moshi unaoshwa kwa maji yenye soda kabla ya kutoka. Kule Marekani, mtambo mpya wa namna hii hauruhusiwi kupita sehemu 25 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni za moshi, kwa wastani wa mwaka, na kipimo kinasoma usiku na mchana.

Tena salfa ni mali. Ile inayotolewa katika petroli na gesi kwenye inchi za Ghuba inauzwa, inafika Katanga kwa malori, inageuzwa asidi ya kuyeyusha shaba na kobalti. Kolwezi kwenyewe, tanuru la Lualaba Copper Smelter linageuza moshi wake kuwa asidi. Basi mwenye tanuru akituambia haiwezekani, hatusemi ukweli tukinyamaza.

Ninaomba jambo moja kwa serikali: kila bomba la moshi liwe na kipimo, na hesabu zake zibandikwe langoni na kusomwa redioni kila juma, kwa Kiswahili. Anayekimbia vita hachagui upepo. Anajenga pale anapopewa nafasi, mara nyingi pale wengine wamekataa. Mtoto wake mwenye pumu hana mahali pengine pa kuhamia. Angalau mama yake ajue leo hewa ikoje, na ajue ni nani wa kumuuliza.