Jembe la mhariri wa video lisiwe na mpini wa kukodi

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimeikumbuka mara nyingi, kwani kila nikutanapo na vijana wanaoingia katika kazi ya kuhariri video, swali la kwanza wanaloniuliza ni lile lile: "Mzee, tutumie programu gani?" Hawaniulizi mkato ukae wapi, wala kwa nini uso wa mama anayelia uachwe kwenye skrini sekunde mbili zaidi. Wanauliza juu ya jembe.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwajibu kwa methali hiyo na kwenda zangu. Leo ningependa kukiri hadharani kwamba jibu hilo lilikuwa nusu ya ukweli, na kwamba nusu niliyoiacha ilinigharimu.

Nilijifunza kazi hii mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati ambapo video ilihaririwa kwa kanda. Mashine mbili ziliwekwa ubavu kwa ubavu. Moja ilicheza kanda iliyotoka kwenye kamera, na nyingine ikanakili vipande vilivyochaguliwa, kimoja baada ya kingine. Ukitaka kuongeza kipande cha sekunde tano katikati ya kipindi kilichokwisha kamilika, ilikulazimu kunakili upya kila kitu kilichofuata, ama kukihamishia kipindi chote kwenye kanda nyingine huku picha ikififia kwa kila nakala. Basi tulifikiri kabla ya kukata. Tuliandika orodha kwenye karatasi: kipande hiki kinaanzia wapi, kinaishia wapi, na kwa nini kipo.

Wakati huo huo, huko Marekani mambo yalikuwa yamekwisha anza kubadilika. Mnamo mwaka wa 1989 kampuni ya Avid ilileta mtambo wa kuhaririia kwa tarakilishi, ambao ulimwezesha mhariri kuchomeka kipande popote bila kugusa vingine. Mwaka wa 1997 Walter Murch alitunukiwa tuzo ya Oscar ya uhariri kwa filamu ya The English Patient, ambayo aliianza kwa kukata filamu yenyewe kwa mikono na kuimalizia kwenye mtambo huo. Hata hivyo, mitambo hiyo iliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na wengi wetu tuliisikia tu kama wasikiavyo watu habari za ng'ambo.

Mlango wetu sisi ulifunguka mwaka wa 1999, kampuni ya Apple ilipotoa programu ya Final Cut Pro kwa takriban dola 1,000. Kiasi hicho hakikuwa kidogo, lakini kilikuwa kiasi ambacho watu watatu wangeweza kuchanga. Murch huyo huyo alipoitumia kuhariri Cold Mountain, filamu iliyotoka mwaka wa 2003, hapakuwa tena na aliyethubutu kusema kwamba ni mchezo wa watoto. Programu za aina hiyo ziliposhuka bei, mtu mmoja mwenye tarakilishi moja katika chumba kimoja cha barabara ya River Road, Nairobi, aliweza kuhariri harusi Jumamosi, nyimbo za kwaya Jumatatu, na mchezo wa vichekesho kabla ya wiki kwisha.

Je, wahariri huchagua programu kwa misingi gani? Mwamba ngoma huivutia kwake, na kila kampuni husifu yake. Lakini katika kazi niliyoifanya nimeona kwamba mhariri aghalabu hachagui peke yake. Huchaguliwa na watu anaofanya nao kazi. Filamu kubwa yenye wasaidizi wengi huelekea Avid, kwa kuwa watu kadhaa wanaweza kufungua picha zile zile kwa wakati mmoja bila mmoja kuvuruga kazi ya mwingine. Katika kituo cha runinga, habari ya ajali iliyoingia saa kumi na mbili u nusu hutakiwa hewani katika taarifa ya saa moja usiku, na hapo programu bora ni ile ambayo kila aliyemo chumbani anaifahamu, ili mmoja akiitwa mwingine aketi kitini pake. Naye mhariri wa harusi hutazama mfuko wake, na pia hutazama rafiki yake anatumia nini, kwa sababu huyo ndiye atakayempigia simu usiku wa manane mambo yakikwama.

Halafu kuna mazoea ya mikono. Mtu asiyeifanya kazi hii hawezi kujua jinsi vidole vinavyokariri. Mhariri mzoefu hatafuti kitufe. Macho yako kwenye picha, sikio liko kwenye sauti, na vidole vinakata vyenyewe. Mhamishe kwenye programu nyingine, naye huwa kama mtu aliyehamia nyumba mpya, akipapasa swichi ya taa gizani mahali ilipokuwa katika nyumba ya zamani. Waundaji wa Lightworks walilitambua jambo hilo. Waliuwekea mtambo wao mkono wa kusogezea picha mbele na nyuma, mfano wa ule uliokuwa kwenye meza za kale za kukatia filamu. Thelma Schoonmaker, mhariri wa Martin Scorsese, aliyetoka kwenye meza hizo, ameshikamana na Lightworks tangu miaka ya tisini.

Hata hivyo, ugeni huo wa vidole hupona. Nimehama programu mara nne katika maisha yangu, na kila mara wiki ya kwanza ilikuwa ya machozi, ya pili ya manung'uniko, na kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimesahau kilichoniliza. Sikulazimika kujifunza upya mahali pa kukata. Anayejua kwa nini anakata huuhamisha ujuzi wake kama msafiri ahamishavyo lugha yake. Ushahidi ni Parasite, filamu ya Korea Kusini iliyotwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora mwezi wa Februari 2020. Mhariri wake, Yang Jinmo, aliifanyia kazi kwenye toleo la saba la Final Cut Pro, ambalo lilikuwa limeacha kuuzwa tangu mwaka wa 2011. Waliopiga makofi ukumbini hawakumuuliza alitumia toleo la ngapi.

Hadi hapa methali inasimama imara. Sasa nije kwenye ile nusu nyingine.

Mnamo Juni 2011, Apple ilitoa Final Cut Pro X, iliyoandikwa upya tangu msingi, na kuacha kuuza ile ya zamani. Programu hiyo mpya haikuweza kufungua kazi zilizofanywa katika ile iliyotangulia. Ilikosa pia njia ya kuoanisha picha za kamera nyingi, na njia ya kupeleka orodha ya mikato kwa fundi wa sauti au wa rangi. Wahariri wa Marekani na Uingereza walipiga kelele, wengine wakarudishiwa pesa zao, na katika miezi iliyofuata baadhi ya mambo hayo yakarejeshwa. Lakini wengi walikuwa wamekwisha hamia Premiere Pro ya kampuni ya Adobe. Mwaka wa 2013 Adobe nayo ikatangaza kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena moja kwa moja. Mtumiaji angelipa kodi, mwezi baada ya mwezi au mwaka baada ya mwaka, na akiacha kulipa mlango hufungwa.

Kwa mhariri wa Los Angeles hiyo ni gharama mojawapo ya kazi. Kwetu ni jambo zito zaidi, kwa sababu kodi yenyewe hufuata dola. Mwanzoni mwa mwaka wa 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 113. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepita shilingi 160. Bei ya kuhariri harusi haikupanda kwa kiwango hicho, wala maharusi hawalipi kwa dola. Ndipo vijana wengi hukimbilia nakala za wizi, wakavunja sheria na kuingiza virusi katika mashine ambayo ndiyo shamba lao. Siwatetei. Nasema tu kwamba ninajua njaa iliyowafikisha huko.

Lililonifumbua macho mimi hasa si kodi. Kati ya mwaka wa 2008 na 2009 nilihariri filamu juu ya wazee waliokuwa wakisimulia historia ya kijiji chao kwa lugha yao ya mama. Tulikuwa na saa 40 za picha, nami nilitumia miezi minne kuchagua, kupanga na kukata mpaka tukapata dakika 50. Miaka kumi baadaye msimulizi mkuu alifariki dunia. Watoto wake wakanijia na ombi la heshima kabisa: walitaka sauti ya baba yao peke yake, bila muziki na bila maneno ya msomaji juu yake, ili wajukuu wamsikie.

Nilitoa diski kutoka kabatini. Picha zilikuwapo, vipande mamia vyenye majina ya tarakimu tupu. Faili ya mradi, ambayo ndiyo iliyokuwa na mikato yote, ilikuwapo pia. Lakini programu niliyotumia haikuwa ikitengenezwa tena, haikukubali kuwekwa kwenye tarakilishi mpya, na ile mashine ya zamani ilikuwa imekwisha kufa. Miezi minne ya akili yangu ilikuwa mbele yangu, ndani ya sanduku nisilokuwa na ufunguo wake. Familia haikuwa na pesa za kunilipa nianze upya, nami nilikuwa na kazi nyingine za kunilisha. Wakaondoka na filamu ile ile ya zamani, muziki ukiwa juu ya sauti ya mzee wao.

Kampuni iliyotengeneza programu hiyo sitailaumu hapa, kwa kuwa kosa kubwa lilikuwa langu. Wakati mlango ulipokuwa wazi ningeweza kutoa orodha ya mikato katika maandishi ya kawaida, na nakala ya sauti pasipo muziki, kwa kazi ya nusu saa. Sikufanya hivyo kwa sababu nilidhani kilichomo ndani ya programu yangu ni changu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu. Kwanza, vyuo vyetu vinavyofundisha utangazaji na filamu viache kumfunga mwanafunzi kwenye programu moja tangu siku ya kwanza hadi ya kuhitimu. Afundishwe kukata kwanza, kisha akabidhiwe programu mbili na kutakiwa kuihamisha kazi ile ile kutoka moja hadi nyingine. Pesa zisiwe kisingizio, kwani DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kazi nyingi za darasani, na Kdenlive ni programu huria isiyodai malipo wala leseni ya mwaka.

Pili, vituo vya runinga na mashirika yanayoagiza filamu yaandike katika mikataba kwamba kazi haijakamilika mpaka vitu vinne vikabidhiwe: filamu iliyokamilika, nakala yenye sauti za watu zikiwa mbali na muziki, orodha ya mikato inayosomeka nje ya programu, na picha asilia zenye majina yanayoeleweka. Wanaoagiza wasione haya kulilipia jambo hilo. Diski ni rahisi kuliko kumbukumbu iliyopotea.

Tatu, nawageukia vijana wenyewe. Chagueni programu ambayo wenzenu wanaitumia na ambayo mfuko wenu unaimudu hata mwezi wa njaa. Msibishane usiku kucha juu ya ubora wake. Mkilazimika kuhama, hameni bila kuogopa, kwa sababu vidole vitajifunza.

Siku hizi kijana akiniuliza atumie programu gani, nami humuuliza: siku utakapoihama, utaondoka na nini mkononi? Akiwa na jibu, namwambia achukue jembe lolote aingie shambani. Akikosa jibu, humketisha nikamsimulia habari za mzee yule, ambaye sauti yake ningali ninayo kwenye diski, katika vipande mamia visivyo na majina.