TAHARIRI: SALFA JUU YA MTI, UCHACHU CHINI YA MTI



Hakuna mkulima wa korosho hapa Nalasi asiyeujua ubwiriunga. Ugonjwa huo uliripotiwa nchini mwaka 1979, wakati zao lenyewe limeshaanza kuporomoka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 zilibaki kama tani 16,500 tu. Bei ndogo, watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao, na maradhi, vyote vilichangia. Salfa ndiyo iliyoyaokoa maua yetu. Kwa hiyo asije mtu akasema gazeti hili la ukutani linakataza salfa. Halikatazi.

Lakini jamani, tusidanganyane. Salfa tunayopuliza haibaki yote mtini. Nyingine huanguka chini, na mvua ikinyesha vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa tindikali. Udongo unachachuka. Jambo hili si uvumi: miaka ya 1990 watafiti walipima udongo wa mashamba ya mikorosho huku kusini, wakaukuta uchachu huo.

Mkorosho wenyewe huvumilia, na muhogo pia. Mahindi na karanga ndiyo huteseka. Mizizi inadumaa, haifikii maji wala chakula. Mwenye shamba analaumu mbegu, anaongeza mbolea, pesa inakwenda bure.

Tufanye hesabu. Robo kilo kwa mti kila raundi, raundi 4 ni kilo moja. Kilo moja ya salfa ikigeuka yote tindikali, inataka kama kilo 3 za chokaa ya kilimo kuituliza. Basi anayezidisha kipimo, au anayepuliza wakati wa upepo, anatupa dawa na kujiwekea deni ardhini.

Dawa ya kwanza ni kupima. Kabla ya mvua, kila mwenye shamba achukue jembe na ndoo safi. Achimbe sehemu 15 hivi, kina cha sentimita 20, achanganye, achote nusu kilo, aanike kivulini, atie mfukoni na kuandika jina. Asichukue penye majivu, samadi wala kichuguu. Tena afanye mafungu mawili: moja chini ya mikorosho, jingine nje ya vivuli vyake. Tofauti ya hayo mawili ndiyo itasema kweli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

Kipimo cha 7 maana yake udongo si mchachu wala hauna magadi. Kikishuka chini ya 5.5, mahindi yako hatarini. Hapo ndipo bwana shamba aseme chokaa kiasi gani. Kumwaga kwa kukisia, hapana.

Tunashauri chama chetu kikusanye mifuko hiyo kwa pamoja na kuipeleka maabara ya udongo, kwa mfano kwa kuuliza kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Na majibu yakirudi yasifungiwe kabatini. Yasomwe mkutanoni, kwa lugha ya jembe, wakulima waulize mpaka waelewe. Mwaka 1975 kampeni ya redio ya "Chakula ni Uhai" iliwakusanya watu katika vikundi, wakasikiliza, wakajadili, wakatenda. Elimu ya udongo nayo inataka vikundi vya namna hiyo.

Tumelinda maua. Sasa tulinde na ardhi inayotulisha ugali.

PIMA UDONGO KWANZA!

Mhariri